Kamera Haijamkuta Mwanamke Kazini
SAFU YA JUMAMOSI
Na Karimi Nthiga

Mwaka 2014 mji wa Maua, kaunti ya Meru, ulipata jambo ambalo miji mingi ya Kenya haijalipata hadi leo: filamu ndefu iliyojengwa juu ya biashara inayoulisha. Veve, iliyoongozwa na Simon Mukali na kuandikwa na Natasha Likimani, ina miraa, ina siasa, ina damu na kisasi. Amos ni mbunge tajiri wa miraa anayeutaka ugavana kwa njia yoyote ile. Kenzo ni kijana anayetaka kulipiza kifo cha babake. Baina yao yuko Esther, mke wa Amos, aliyeigizwa na Lizz Njagah.

Njagah alimpa Esther uhai. Upweke wake katika nyumba kubwa unaaminika, na mtazamaji humhurumia. Hata hivyo, nafasi yake katika hadithi ameipata kwa wanaume wawili: mmoja amemsahau, mwingine anampenda huku akiwinda roho ya mumewe. Wanaume wa Veve wanatambulika kwa wanachokitaka duniani, yaani kura, pesa, njia za kusafirishia miraa, haki ya marehemu. Esther anatambulika kwa kitanda na machozi. Na aliyeandika hadithi ni mwanamke, kwa hiyo tusikimbilie kusema kwamba tatizo ni wanaume kushika kalamu. Mazoea haya yameota mizizi mirefu kuliko hivyo.

Ukifika Maua yenyewe utaona hadithi nyingine. Ni kweli kwamba kwa desturi ya Wameru wa Igembe na Tigania, kukwea mti wa miraa ni kazi ya wanaume na wavulana. Lakini mti ukishavunwa, kazi iliyobaki hupita mikononi mwa watu wengi, wakiwamo kina mama. Kuna kuchambua vijiti kwa urefu na ubora, kuna kuvifunga kwa majani mabichi ya mgomba ili visinyauke njiani, kuna kuuza. Kule Isiolo, wauzaji wengi wa rejareja kwa miaka na miaka wamekuwa wanawake, wanaojua bei ya asubuhi na ya alasiri, wanaojua mteja gani akopeshwe na yupi asikopeshwe. Mama wa namna hiyo ni mhusika aliyekamilika. Ana hatari, ana siri, ana hesabu kichwani. Kumweka kwenye filamu kusingepunguza msisimko hata chembe.

Safu hii inasema wazi: kamera inapofika Meru na Embu humtafuta mwanamke chumbani au msibani. Kazini haimtafuti.

Muziki una hali mbaya zaidi, maana filamu hutoka mara chache na video za nyimbo hutoka kila wiki. Nyingi hupigwa kwenye chai, na si ajabu. Miteremko ya Kionyo na Githongo upande wa Meru, au Rukuriri na Mungania upande wa Embu, ina kijani ambacho hakuna studio inayoweza kukiunda. Mwimbaji husimama kati ya mistari ya michai akiwa na koti, kofia na viatu vilivyong'arishwa, amejikinga vizuri na baridi ya mlimani. Nyuma yake wasichana watatu au wanne hucheza na sketi fupi katika umande uleule. Kamera humpiga mwimbaji usoni. Wasichana huwapiga kuanzia shingoni kushuka chini, na mara nyingi wimbo huisha kabla hujamjua hata mmoja wao kwa sura. Majina yao hayaandikwi mwishoni, ilhali la mpiga picha, la mtayarishaji na la mwenye gari la kukodi yote yapo.

Shamba hilohilo, siku yoyote isiyo ya video, lina mwanamke mwingine. Amebeba kikapu mgongoni, amejifunga karatasi ya plastiki kiunoni isiyopitisha umande, na vidole vyake vinachuma majani mawili na chipukizi kwa kasi inayomshinda mgeni kuifuata kwa macho. Kabla ya lori la kiwanda kufika lazima awe ameteremka hadi kituo cha kununulia chai, amwage, achambue, apimiwe. Bonasi inapotoka, nambari ya mkulima mara nyingi ina jina la mume. Kwa hiyo mwanamke huyu amefutwa mara mbili: kwanza kwenye daftari la chai, kisha kwenye picha ya shamba analolitunza mwenyewe. Wapiga video humwomba asogee kando asiharibu mandhari.

Kuna wazee wa kanisa, na safu hii inawaheshimu, wanaoamini kwamba dawa ni kurefusha sketi. Hilo haligusi kiini. Ngoma zetu za jadi zilikuwa na viuno, mabega na jasho, na hakuna mzee aliyekimbia uwanjani. Mchezaji alikuwa binti wa fulani, wa ukoo fulani, na kijiji kizima kilijua anacheza vizuri kuliko nani. Video imemnyang'anya utambulisho huo. Mfunike gubigubi kuanzia kichwani hadi miguuni na bado atabaki pambo, maadamu hana jina wala neno la kusema.

Serikali nayo imeshughulika na nguo na vitanda. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu mwaka 2018, mwaka uleule ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, hadi Jaji Wilfrida Okwany alipoiruhusu kwa siku saba mwezi Septemba. Mwaka uliofuata bodi hiyo ikazigeukia nyimbo za Tetema na Wamlambez, ikitaka zisichezwe nje ya vilabu. Unaweza kukubaliana na marufuku hizo au kuzipinga. Zilichokosa zote ni swali la msingi: mwanamke aliyemo kwenye picha ana kazi gani humo? Hakuna afisa aliyewahi kuizuia video kwa sababu wanawake wake wote hawana sura.

Imeshathibitishwa kwamba inawezekana kufanya vingine, tena na watu walewale. Kampuni ya One Fine Day Films iliyoleta Veve ilikuwa imetoa Something Necessary mwaka 2013, kazi ya Judy Kibinge. Anne, aliyeigizwa na Susan Wanjiru, ni muuguzi anayerudi kwenye shamba lake lililoharibiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Ameumizwa vibaya, na filamu haifichi. Ila hadithi inamfuata akijenga upya, akitafuta vifaa, akibishana, akisimamia. Na nyuma kabisa, mwaka 1992, Anne Mungai alituletea Saikati, msichana anayekimbia ndoa ya kupangiwa kwa sababu anataka kuwa daktari.

Meru ina mfano wake pia, na hapa inafaa kutulia kidogo. Tarehe 11 Oktoba 2012, wasichana 11 walifika Mahakama Kuu ya Meru kupitia shirika la Ripples International, linalotunza watoto walionajisiwa. Hawakuwashtaki waliowanajisi. Waliishtaki polisi, kwa kushindwa kuchunguza kesi zao kwa haraka na kwa ukamilifu. Kwenye jalada, wa kwanza wao anaitwa C.K., herufi mbili tu, ili asije akanyooshewa kidole sokoni. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau aliamua kwamba polisi walikuwa wamevunja haki za watoto hao, na akaamuru wafanye kazi yao ipasavyo. Uamuzi huo haukuwafaa hao 11 peke yao: unamhusu kila mtoto wa kike nchini anayeingia kituoni kuandikisha kosa.

Mkanada Andrea Dorfman aliitengenezea kesi hiyo filamu ya hali halisi, The Girls of Meru, iliyotoka mwaka 2018. Mtu angeweza kuichukua habari ile na kutengeneza saa moja na nusu ya vilio, akawauza wasichana kwa huruma ya wageni. Mangapi yametengenezwa hivyo kuhusu Afrika. Hapa wasichana ni wadai. Wana mawakili, wana hoja, wana dola wanayoitaka ijibu. Yaliyowapata hayakupunguzwa uzito, lakini tunaowaona ni watu wanaodai kilicho chao. Inauma tu kwamba ilibidi mwongozaji avuke bahari kuja kuisimulia, wakati Muuga FM, Wimwaro FM na Weru TV ziko hapahapa na lugha ziko mdomoni.

Tugeukie siasa, kwa sababu siku hizi picha za wanawake wa Meru na Embu zinazosambaa kwa kasi kuliko wimbo wowote ni za viongozi wao. Katika uchaguzi wa 2022 Kenya ilichagua magavana saba wanawake. Wawili walitoka kaunti hizi zinazotazamana na Mlima Kenya: Cecily Mbarire wa Embu na Kawira Mwangaza wa Meru, aliyeshinda bila chama na anayejulikana kwa kuimba mbele ya umati huku mumewe akipiga gitaa.

Mwangaza aling'olewa na bunge la kaunti mara tatu. Seneti ilimnusuru mara mbili za kwanza, ikamwondoa Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaafiki Machi 2025. Tuhuma za utawala zilikuwa na mahali pake pa kupimwa, na zilipimwa. Lakini katika kikao cha Novemba 2023 maseneta walionyeshwa video ya mwanasiasa wa kiume akimdhalilisha gavana huyo kwa uanamke wake, naye akatokwa na machozi. Watu wengi walikumbuka nini? Machozi. Picha ya uso uliolowa ilizunguka kwenye simu kwa siku kadhaa, na aliyesababisha aibu hiyo hakuzungukwa na kamera kwa kiasi hicho. Gavana aliyesomewa mashtaka mazito ya kifedha na kiutawala, na aliyeyajibu, aligeuzwa tena mwanamke anayelia.

Mei 2024 ilileta picha tofauti. Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, Mbeere, katika kaunti ya Embu, ilipata kihoro. Muguka, aina ya miraa, ni kichaka kifupi kinachokatwakatwa kisirefuke. Hakina mti wa kukwea, kwa hiyo uchumaji wake uko mikononi mwa wanawake kwa kiasi ambacho miraa ya Igembe haijawahi kuwa. Mbarire alijitokeza kuutetea, akazungumza juu ya sheria ya mazao, soko na ada za mauzo, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi kabla ya mwezi kuisha. Unaweza kuuchukia muguka, na wazazi wa Pwani wana uchungu wa kweli juu ya watoto wao. Lakini kwa wiki moja runinga zote za Kenya zilikuwa na mwanamke wa Embu anayejadili bei, na nyuma yake wachumaji wanaoeleza kwa midomo yao karo italipwa na nini.

Filamu ya wiki ile haijatengenezwa. Wahusika wapo: mchumaji wa Mbeere aliyevuna alfajiri bila kujua kwamba gari halitapokelewa Mombasa, dereva aliyekwama njiani, muuza rejareja wa Kilifi aliyeficha mzigo, mama wa Likoni anayeshangilia marufuku kwa sababu mwanawe ameacha shule. Watatu kati ya wanne hao wanaweza kuwa wanawake bila kulazimisha chochote, na hakuna anayehitaji kuwa mke wa fulani ili aingie kwenye hadithi. Chuo Kikuu cha Embu kipo na vijana wenye kamera wapo. Kaunti zote mbili zina idara za utamaduni zenye bajeti, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai.