Wimbo Ufungue Kinywa



Katika mkutano wetu uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu: je, inafaa vijana wanaojifunza Kiingereza katika ukumbi wa parokia watumie bafle na mikrofoni za kwaya ili kusikiliza nyimbo, tena nyimbo ambazo si zote za kanisa? Wazee wawili walisema hapana. Nami nilinyamaza, ingawa nimefundisha lugha hiyo kwa miaka mingi. Leo napenda kusema kile nilichopaswa kukisema siku ile.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilifundisha Kiingereza kwa orodha za vitenzi na kwa aibu. Mwanafunzi aliyekosea alisimama mbele ya wenzake mpaka arudie vizuri, na wenzake walicheka, nami niliwaacha wacheke. Waliopita mikononi mwangu waliweza kujaza ukurasa mzima wa vitenzi, lakini mfanyabiashara kutoka Kampala alipowauliza njia ya sokoni, walitazama chini. Nilikuwa nimewafundisha hofu. Na sasa, tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hofu hiyo inawagharimu mkate.

Mtakatifu Augustino anasimulia jambo kama hilo katika kitabu cha kwanza cha Maungamo. Alipokuwa mtoto alikichukia Kigiriki, kwa sababu walimu walimsukuma kwa vitisho na adhabu; Kilatini alikipokea bila fimbo, katikati ya michezo na vicheko vya walezi wake. Akahitimisha kwamba hamu iliyo huru hufundisha kuliko woga. Asemaye hayo alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askofu.

Wimbo huondoa woga huo kwa njia iliyo rahisi sana: katika kuimba pamoja hakuna anayesikika peke yake. Anayekosea hufunikwa na wenzake, hurudia mara kumi, na hakuna anayemwita mjinga. Tena kuna kazi nyingine isiyoonekana. Kiswahili chetu hupenda silabi iishie kwa vokali. Kiingereza hukata maneno mengi kwa konsonanti. Mwanafunzi anayesoma kitabuni huongeza vokali bila kujijua, bali anayeimba hukosa nafasi ya kuiongeza, maana mdundo unamkimbia. Na ile sauti ya th, ambayo wasemaji wa Kifaransa huihangaikia, sisi tumekwisha kuipewa katika Kiswahili cha Misa: atamkaye vema dhambi na thamani, badala ya zambi na samani, tayari anao ulimi wa kusemea this na think.

Simu nayo imeleta msaada ambao sisi hatukuwa nao. Programu nyingi za muziki hupunguza mwendo wa wimbo bila kuifanya sauti ya mwimbaji kuwa nzito. Mwanafunzi hujirekodi, hujisikiliza, hujisahihisha kabla mwingine hajamcheka. Wimbo uliohifadhiwa kwenye kadi ya simu hauhitaji mega wala mtandao. Wanaodhani kwamba mbinu mpya hazistahili ukumbi wa Kanisa wamkumbuke Guido wa Arezzo, mmonaki wa karne ya 11, aliyechukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji ili kuwafundisha waimbaji noti. Do-re-mi za kwaya yetu zimetoka kwake, ingawa yeye do aliiita ut.

Hata hivyo wazee wetu wanayo hoja moja ambayo hawakuisema, nami nitaisema kwa niaba yao. Walioimba Gloria na Credo kwa Kilatini kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano waliimba bila kosa. Waulizeni leo maana ya mstari mmoja. Wimbo waweza kukaa kinywani miaka 60 bila kufika akilini. Augustino huyo huyo anakiri, katika kitabu cha kumi, kwamba mara nyingine sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, akajihesabia jambo hilo kuwa dhambi. Mwalimu anayecheza wimbo, akapigiwa makofi, akaenda zake nyumbani, amewaburudisha tu.

Kwa hiyo nimejaribu njia nyingine. Tuliimba Amazing Grace, wimbo ambao vijana wetu wengi wanaujua kwa sauti tu. Nilitumia simu yangu ndogo, na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Kisha nikawaeleza habari za mtunzi wake. John Newton, Mwingereza, aliongoka katika dhoruba baharini mwaka 1748. Na baada ya kuongoka aliendelea miaka kadhaa kuwa nahodha wa meli za watumwa. Kijitabu chake cha kuipinga biashara hiyo alikitoa mwaka 1788.

Darasa lilikaa kimya. Ndipo msichana mmoja, ambaye huuza unga pamoja na mama yake na ambaye hakuwahi kusema peke yake, akauliza: “Why he wait?” Sarufi haikuwa kamili. Nilitaka kumsahihisha, mazoea yana nguvu, nikajizuia. Kijana mmoja akamjibu kwamba aliogopa kupoteza mshahara, mwingine akakataa, tukaendelea karibu nusu saa, kwa Kiingereza kilichovunjika vunjika, na hakuna aliyetazama chini.

Nyimbo za matusi hazitaingia humo. Mwalimu na asome maneno yote kwanza. Lakini kukataza kila wimbo usio wa kanisa ni kuwanyima vijana maneno ya soko, ya safari na ya kazi. Mwenye simu nzuri atajifunza nyumbani kwake hata tukikataa. Asiye nayo hana mahali pengine ila ukumbi wetu, na bafle zimefungiwa stoo tangu Jumatatu hadi siku ya mazoezi ya kwaya.

Naomba suala hili lirudishwe katika mkutano ujao, na wazee wale wawili waalikwe kwanza darasani. Tunakutana Alhamisi, baada ya Misa ya jioni. Swali la yule msichana bado halijajibiwa vya kutosha, nao wameishi miaka mingi ya kutosha kutusaidia.