Kibali cha Mtumishi wa Chinichini

Wafasiri wa mifumo ya simu wamechagua neno "chinichini" kuielezea programu inayofanya kazi bila kuonekana kwenye kioo. Neno hilo limesema kweli kuliko walivyokusudia, kwani kwa Waswahili jambo la chinichini ni lile lifanywalo kwa kificho.

Miongoni mwa programu hizo yumo mpimaji wa utendaji. Huyu huhesabu kazi ya kichakataji, nafasi iliyobaki kwenye kumbukumbu na joto la betri, kisha huzituma hesabu hizo kwa waundaji. Kazi yenyewe si ya kulaumiwa. Bila vipimo, waundaji hawatajua kwa nini simu inakwama. Hoja yangu ni ruhusa anayopewa.

Lugha yetu haina uhaba wa maneno hapa. Ruhusa hutolewa na mwenye uwezo wa kuzuia. Idhini ni ruhusa yenye uzito wa mamlaka. Ridhaa hutoka moyoni. Kibali, aghalabu, huandikwa: humtaja mtu, mahali na muda.

Maana ya kibali waliijua vyema wakimbizi wa Burundi waliokaa katika kambi ya Mtendeli kati ya mwaka 2016 na 2021, huko Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hukaa katika eneo alilopangiwa, na akitaka kutoka sharti aombe kibali. Siusifu utaratibu huo. Nastaajabu tu kwamba binadamu aliyekimbia vita hupimiwa mipaka, ilhali programu hupewa ruhusa isiyo na ukomo kwa mguso mmoja wa kidole.

Wataalamu walikwisha kulisema hili. Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila programu ipewe uwezo mdogo kabisa unaoitosha kazi yake. Kanuni hiyo inatekelezeka. Katika Windows lipo kundi maalumu la watumiaji wanaoruhusiwa kusoma vipimo vya utendaji bila kuwa wasimamizi wa mfumo. Katika Linux, tarakimu nyingi za kichakataji na kumbukumbu husomwa na mtumiaji wa kawaida. Basi mpimaji anayedai majina ya jamaa zetu au kipaza sauti amekwisha kutoka katika kazi yake.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria haimfai mtu asiyeelewa anachokubali, na kitufe kinachosema "Ruhusu" hakimwelezi lolote. Tena umbo lake ni la amri: msomaji huweza kudhani kwamba ndiye anayeamriwa.

Napendekeza kitufe kibebe sentensi yenye nafsi ya mwenye simu: "Naruhusu programu hii isome joto la betri na matumizi ya kumbukumbu kwa siku 30." Kando yake kiwepo kingine: "Siruhusu." Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kukaa na wafasiri juu ya maneno haya. Mkulima wa Kasulu anayenunua bando kwa jasho lake anastahili kujua ni nani analitumia, kwa kazi gani na mpaka lini.