Waacheni Waandike Kabla Hawajamaliza Tensi

Barazani Mkunazini, mwalimu mmoja wa tuisheni amewaonya wazazi kuwa mtoto asitunge sentensi yake mwenyewe ya Kiingereza mpaka azimalize tensi zote 12. Wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Imani hiyo mjini Unguja haihojiwi. Inalipiwa tu, kila mwisho wa mwezi, ndani ya chumba cha bati kisicho hata feni.

Matunda yake yanaonekana. Kijana aliyekariri jedwali zima la tensi anamwandikia mgeni anayetua Kisauni: "When you will arrive, call me." Si uvivu huo. Kiswahili husema "utakapofika", wakati ujao umo ndani ya kitenzi; Kiingereza hapo hakiutaki, kinatosheka na "when you arrive". Na "kabla hajaja" humzalia mwanafunzi "before he has not come", ukanushi ambao Mwingereza hakuuagiza. Jedwali haliwezi kumwonyesha hayo, maana hupanga kitenzi kimoja kimoja, ilhali mtego upo pale vitenzi viwili vinapokutana.

Vitenzi hukutana mtu anaposimulia siku yake. Daftari moja, mistari mitano kila usiku: alipoamka, kabla hajaenda chuoni, boti ya Dar ilipochelewa, umeme ulipokatika. Kwa umeme, mada haitakosekana. Kisiwa hiki kilikaa gizani takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Mtoto angejaza madaftari mangapi!

Eti akiandika kabla ya kuiva, makosa yatamganda. Kwa hoja hiyo, mtoto wa Nungwi asiguse maji mpaka afaulu mtihani wa nadharia ya kuogelea.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, aliianza hotuba yake ya Nobel ya Fasihi, mwaka 2021, kwa kukumbuka shule. Kipindi alichokingoja kwa hamu kuliko vyote kilikuwa cha kuandika hadithi: darasa kimya, kila mtoto kaliinamia dawati lake, anatafuta kumbukumbuni jambo la kusimulia. Tensi 12 hakuzitaja.

Mzazi akienda kulipa ada ya mwezi ujao, aombe kwanza daftari la mwanawe, atafute humo sentensi moja tu isiyonakiliwa ubaoni. Asipoiona, arudi nyumbani na pesa zake.