Baiskeli ya Mlimani: Pima Mwili Kwanza

Mwaka 1977, huko California, Marekani, Joe Breeze aliunda baiskeli iliyokusudiwa tangu fremu kwa njia za milimani. Kabla ya hapo yeye na wenzake waliteremka kwa baiskeli kuukuu za tairi nene, na breki ya nyuma ilipata moto hata grisi ikaungua.

Siku hizi kijana akitaka kuundiwa baiskeli ya namna hiyo, huuliza kwanza gia na rangi. Sisi twasema aanze na mwili wake. Fremu ndefu kupita kiasi humwinamisha mtu, mgongo na shingo vikauma. Kiti kilicho chini mno huyaumiza magoti. Kipimo ni rahisi: kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba.

Nanyi wazazi, acheni kumchagulia mtoto fremu kubwa eti ataikulia. Asiyefikisha miguu chini wala vidole kwenye breki, kwenye mteremko atasimamishwa na jiwe. Wengine huita hilo kubana matumizi! Kofia ya kinga hatuijadili, ivaliwe.

Tena baiskeli mpya irudishwe kwa fundi baada ya safari chache za kwanza, maana spoku hulegea, na nyaya za gia pia.