Chai ya asubuhi: tuanze na kinachotoka shambani kwetu

Mjini Bukavu, watoto wengi huenda shuleni wakiwa wamekunywa chai yenye sukari nyingi, pamoja na mkate au mandazi. Ikifika saa nne njaa imerudi, na somo haliingii tena.

Mkate huo unategemea ngano ambayo sehemu kubwa inatoka ng'ambo. Vita vilipopamba moto Ukraine mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani, na mnunuzi wa soko la Kadutu hakuwa na la kufanya.

Lakini Kabare na Walungu wanalima viazi vitamu, maharage na soya. Viazi vyenye rangi ya machungwa ndani vinaleta vitamini A, inayolinda macho. Uji wa sosoma, yaani mtama, soya na mahindi, unampa mtoto protini ambayo chai haina. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana ikiwa mbichi inasumbua tumbo.

Wengine watasema makala ni ghali na asubuhi hakuna wakati. Ni kweli. Basi viazi vichemshwe jioni, kwenye makala yaleyale yaliyopika chakula cha usiku.

Hatusemi mkate uachwe. Tunasema siku mbili kwa juma, pesa ya mkate inunue viazi au unga wa uji, na sukari ya chai ipunguzwe. Wazazi wasingoje mradi wala semina. Mkulima wa Kabare atapata mnunuzi, na mtoto atafika saa sita akiwa bado anamsikiliza mwalimu.