SEHEMU YA 7: Ukiumia likizoni, usirudi na magongo tu. Rudi na karatasi

Nesi wenu nimetoka zamu ya usiku, nimeshakunywa chai, nikasema nisilale kabla sijaandika hili.

Sehemu ya 6 tuliongelea huduma ya kwanza mtu akivunjika mkiwa safarini. Leo naongelea kitu ambacho chuoni hatukufundishwa: kulipwa fidia pale likizo uliyoilipia inapoharibika kwa sababu umeumia nchi ya watu.

Naanza na la nyumbani. Mdogo wangu anaishi Uingereza na mumewe na watoto wawili. Walidunduliza mwaka mzima, wakanunua pakeji ya wiki moja kwenda Uturuki. Ndege, hoteli, chakula, basi la kuwatoa uwanja wa ndege, vyote kwa kampuni moja, bei moja. Siku ya tatu anawakimbilia watoto kwenye bwawa la kuogelea, akateleza kwenye marumaru. Kulikuwa na bomba linavuja pale, maji yametapakaa, hakuna hata kibao cha kuonya. Kifundo cha mguu kikavunjika. Siku zilizobaki alizimalizia chumbani, mguu una hogo, baba anahangaika na watoto peke yake.

Usiku ule alinipigia video analia. Nikamwambia ainue mguu juu ya mto, aangalie vidole visibadilike rangi wala kufa ganzi. Yote sahihi. Lakini sikumwambia apige picha lile bomba. Sikumwambia aombe ripoti ya tukio. Asubuhi meneja akaja na sahani ya matunda na karatasi ya Kituruki, akasaini bila kujua imeandikwa nini. Mama yetu naye akasema, "Mshukuru Mungu hukupiga kichwa, hiyo ni ajali tu." Tukafunga mjadala.

Aliporudi akadai. Kampuni ikamjibu kwamba hakuna kumbukumbu yoyote ya sakafu yenye maji. Bima ya safari ililipa hospitali, basi. Kwenye fidia akaambulia patupu. Mpaka leo linaniuma, maana mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu.

Ndiyo maana nasema hivi: kumshukuru Mungu na kudai haki yako havigombani. Ukiuziwa unga wenye wadudu unaurudisha dukani, na hakuna anayekuambia ni kadari. Likizo nayo umeinunua. Tena sisi kina mama ndio tunaoona aibu zaidi, tunaogopa kuonekana wakorofi au wapenda hela. Huku mguu ni wako, na ukirudi kazini unachechemea mwenyewe.

Sasa sheria. Kwa ndugu zetu walioko Uingereza, kuna kanuni za safari za pakeji za mwaka 2018. Kampuni iliyokuuzia pakeji inawajibika kwa huduma zilizomo ndani yake, hata kama aliyeitoa ni hoteli ya Uturuki. Huhitaji kwenda kushitaki Uturuki. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina sheria zinazofanana na hizo. Ukinunua ndege kivyake na hoteli kivyake, mara nyingi kinga hiyo huipati, na kazi inakuwa nzito zaidi.

Na fidia si ya mfupa peke yake. Mwaka 1969, bwana mmoja Mwingereza, Jarvis, alilipa pauni 63 na senti kwa likizo ya Uswisi iliyokuwa kinyume kabisa na alivyoahidiwa. Mahakama ya Rufaa ikaamua alipwe pauni 125, karibu mara mbili ya bei aliyolipa, kwa sababu raha aliyoinunua hakuipata. Hakuwa ameumia hata kidole. Tangu hapo raha iliyopotea ina thamani mbele ya hakimu.

Ila tusidanganyane. Kuteleza peke yake hakutoshi. Lazima uonyeshe kuna mtu hakutimiza wajibu wake, na mahakama za Uingereza kwa kawaida hupima usalama wa hoteli kwa viwango vya nchi ile, si vya Uingereza. Hapo ndipo ushahidi wa siku ile unapokuwa kila kitu. Maji yakikaushwa, yamekwenda.

Kwenye ndege ni sheria nyingine, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo. Kuna binti mdogo alikuwa amekaa na baba yake, kahawa ya moto ya baba ikamwagika ikamuunguza kifuani. Mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ikasema hiyo ni ajali kwa maana ya mkataba, hata kama ndege yenyewe haikuwa na hitilafu. Kwa hiyo mama, mtoto akiungua na chai ndani ya ndege, mwambie mhudumu aandike papo hapo.

Wodini kwetu aliwahi kulazwa mama mgeni kutoka Ulaya, kavunjika mkono akiwa matembezini. Hata dawa ya maumivu haijakolea vizuri ananiomba nakala ya picha ya eksirei, ripoti ya daktari yenye muhuri, na risiti moja moja. Wenzangu wakanong'ona, "Huyu naye na makaratasi yake!" Nami nilicheka. Leo sicheki.

Basi shika haya, ikiwezekana yafanyike ndani ya saa 24:

1. Piga picha mahali ulipoumia kabla hapajasafishwa. Kama huwezi kusimama, mtume mwenzako.
2. Taarifu hoteli na mwakilishi wa kampuni kwa maandishi. Omba nakala.
3. Chukua majina na simu za walioona.
4. Hospitali omba ripoti, nakala ya eksirei na karatasi ya ruhusa. Usione haya, ni taarifa zako.
5. Tunza kila risiti: dawa, teksi, magongo, hata chakula ulicholetewa chumbani.
6. Usisaini karatasi ya lugha usiyoijua. Matunda kula, kalamu weka chini.
7. Pigia bima siku hiyo hiyo. Ila kumbuka, bima kulipa hospitali si sawa na kulipwa fidia na aliyesababisha.

Muda nao unakimbia. England kwa majeraha ni miaka 3. Kwa mtoto, miaka hiyo 3 inaanza kuhesabiwa akitimiza 18. Kwa ndege ni miaka 2 tu. Wapo mawakili wasiochukua hela mpaka ushinde, ila soma kwanza watakata asilimia ngapi.

La mwisho, naomba tusikilizane. Usimwombe nesi akuandikie uongo. Mwaka 2017 mwanamke na mwenzi wake wa Uingereza walifungwa jela kwa kudai fidia ya kuumwa tumbo huko Hispania, kumbe hawakuumwa. Watu kama hao ndio wanaofanya mama aliyeumia kweli atazamwe kama tapeli. Mimi naandika nilichokiona, na hicho hicho ndicho kitakachokusaidia.

Mdogo wangu siku hizi anatembea vizuri, mvua ikinyesha tu kifundo kinamkumbusha. Mwaka huu wanasafiri tena. Juzi kanitumia picha ya begi lake: ndani kuna bahasha tupu, juu kaandika "Karatasi". Nimemwambia, Mungu ajaalie irudi tupu hivyo hivyo.

Mwenye ndugu anayefunga mabegi, mtumie hii kabla hajafika uwanja wa ndege. Sehemu ya 8 inakuja: dawa za mtoto za kubeba safarini.

Nesi wenu.