Tusome kwa Chango: Wito kwa Ndugu wa Iringa na Mbeya

Nawaandikia ninyi, ndugu zangu wa Iringa na Mbeya, mnaopenda kusoma, lakini mkishapiga hesabu ya ada, mbolea na unga, kitabu kinabaki dukani. Nina ombi moja: tuache kununua kila mtu kivyake. Tununue kwa chango, tusome kwa zamu.

Kuchanga hatuhitaji kufundishwa. VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vimeenea huku kwetu mpaka vitongojini. Tunajua mweka hazina anachaguliwaje, daftari linatunzwaje, na aliyechelewa kulipa anaulizwaje bila kuvunja ujirani. Utaratibu huohuo unatosha kwa vitabu. Tuchukulie mko kumi, na kila mmoja anatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka zinafika 240,000. Riwaya ikiwa shilingi 15,000, vitabu 12 vinachukua 180,000, na zinabaki 60,000 za kusafirishia mizigo na za jarida moja au mawili. Kila mwanachama ametoa 24,000, fedha isiyotosha vitabu viwili, naye amesoma 12. Mkulima asiye na mshahara asibanwe kila mwisho wa mwezi; alipe ya mwaka mzima akishauza viazi au mahindi yake. Kikundi kisichojali msimu wa mavuno kitawafukuza wakulima, kibaki cha walimu na makarani peke yao, na hilo litakuwa hasara kwa wote.

Mwezi wa kwanza ndio mgumu, maana kitabu ni kimoja na macho ni ishirini. Basi siku ya kuanza kila mmoja aje na kitabu kimoja kutoka nyumbani, hata kama kimeshapoteza jalada. Jioni hiyohiyo mtakuwa na vitabu kumi bila kutoa senti. Andikeni katika daftari: jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Vifunikeni kwa karatasi ya kaki, juu yake nailoni. Nimeona kitabu kilichofunikwa hivyo kikipita nyumba nyingi na kurudi kizima, na nimeona kipya kikivimba na kuachana kurasa kwa msimu mmoja wa mvua, kwa kuwekwa dirishani tu.

Wala msione haya kusomeana kwa sauti. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, kila kikundi na redio yake, kitabu chake cha mafunzo na kiongozi aliyeandaliwa. Walisikiliza, wakasomewa, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hao ni wazazi na babu zetu. Kijana wa sekondari akimsomea bibi yake sura moja, bibi atamkatiza mara kwa mara kueleza mambo yalivyokuwa enzi zake. Mwacheni akatize. Hayo anayoyaeleza hayamo katika kitabu chochote.

Kuhusu majarida nina msimamo: anzeni na yasiyolipiwa. Mkulima Mbunifu linatoka kwa Kiswahili tangu mwaka 2011, nalo limekuwa likigawiwa bure kwa vikundi vya wakulima, likifundisha kutengeneza mboji, kupambana na wadudu bila sumu kali, na kufuga kuku na mbuzi. Wakulima wa Rungwe, Kilolo na Mufindi wana kila sababu ya kuliomba wakiwa kikundi. Kwa wanafunzi, Femina Hip, shirika lililoanza mwaka 1999, limekuwa likipeleka jarida la Fema katika shule za sekondari. Muulizeni mwalimu kama nakala zinafika, na kama zinafika, ziko mikononi mwa wanafunzi au kabatini. La kulipia lichagueni baadaye. Msilipie mwaka mzima kabla ya kusoma matoleo mawili. Jiulizeni kama kuna makala mliyoirudia, au iliyowafanya mbishane. Kama haipo, fedha hiyo iende kwenye kitabu.

Gazeti la shilingi 1,000 likinunuliwa kila siku linameza 30,000 kwa mwezi, kwa hiyo lisomeni maktabani. Maktaba za mkoa zipo, Iringa na Mbeya kote, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963. Ulizeni ada ya uanachama, mjiandikishe, mtumie magazeti ya pale. Maktaba isiyo na wasomaji haina hoja ya kuombea vitabu vipya, kwa hiyo kila anayeingia na kukaa anamsaidia atakayekuja kesho.

Na vitabu gani? Chagueni vyenye mjadala ndani yake. Rosa Mistika cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, bado kitawagawa wazazi na vijana katika suala la malezi ya binti. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, inaturudisha enzi za Wajerumani. Msomaji wa Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, limehifadhiwa tangu liliporejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, ana la kusema juu ya enzi zile ambalo msomaji wa London hawezi kulisema. Ndiyo maana natamani kitabu hiki kisomwe huku, kwa sauti, na wazee wakiwepo.

Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, kilomita karibu 500 kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Agizeni vitano kwa mpigo, vije na basi katika kifurushi kimoja, mmoja wenu akavichukue stendi.

Mwenyekiti wa VICOBA, ongeza ajenda hii katika kikao kijacho. Mchungaji, padri, shehe, tunaomba chumba kwa saa mbili, mara moja kwa mwezi. Mstaafu mwenye rafu iliyojaa, tuazime. Na wewe msomaji, wapigie simu watu watatu leo, kila mmoja aje na wawili wake. Mtakuwa kumi. Kutaneni kabla mwezi haujaisha, kila mtu na kitabu chake na shilingi 2,000 mkononi.